Kilatini cha Jioni

Nyumbani, 9 Februari

Mwalimu wa Kilatini,

Shikamoo. Mimi ni mama yake yule msichana wa kidato cha nne mnayemwita Chiriku. Jina hilo nilimpa mwenyewe alipokuwa mdogo, maana alikuwa haachi kusema hata akiwa na chakula mdomoni. Naona limemfuata mpaka huko.

Mimi nashona mashuka na magauni ya wagonjwa, kwenye karakana inayoiuzia hospitali. Cherehani zinanguruma kutwa, ukitaka kusema na mwenzio unasema kwa macho. Wauguzi wanapokuja kuchukua mashuka nawaangalia nguo zao nyeupe na namwona mwanangu ndani yake. Nimemuuliza mkubwa wao uuguzi unataka masomo gani. Akanitajia baiolojia, kemia na hesabu. Kilatini hakukitaja. Nikamuuliza msimamizi wetu, ambaye amesoma, watu wanaozungumza Kilatini wanakaa wapi. Akacheka, akasema wamekufa wote.

Sasa Mwalimu, mimi sina ugomvi na marehemu. Lakini mwanangu ana mtihani Novemba na hesabu zake zinayumba. Naomba umruhusu aache somo lako, muda huo auweke kwenye hesabu. Yeye sijamwambia kama nakuandikia. Naomba jambo hili libaki kwetu sisi wakubwa.

Mama yake Chiriku


Shuleni, 17 Februari

Mama yake Chiriku,

Marahaba. Nakuandikia kwa taipu kwa sababu mwandiko wangu siku hizi ni aibu. Ukiona herufi zimepandana, unisamehe.

Umeuliza swali la haki na sitakujibu kwa ujanja. Binti yako hatakutana sokoni na mtu wa kumsalimia kwa Kilatini. Atakutana nacho kwenye majina ya mifupa na ya dawa, hilo ni kweli, lakini majina hayo mtu anaweza kuyakariri bila mimi. Sababu yangu ni nyingine.

Kiswahili chetu hubadilisha kichwa cha neno: mtoto, watoto. Kilatini hubadilisha mkia. Mater filiam amat, mama anampenda binti. Matrem filia amat, binti anampenda mama. Maneno ni yale yale. Mikia tu ndiyo inayokuambia nani anampenda nani. Msomaji mwenye haraka anaona mama, anaona binti, anaona mapenzi, anadhani ameshaelewa. Binti yako alikuwa hivyo alipokuja kwangu kidato cha kwanza. Sasa anakagua kila mkia, na hafungui kinywa mpaka afike mwisho, maana kitenzi mara nyingi kimewekwa huko. Wewe unajua kumnyamazisha mtoto yule ni kazi ya namna gani.

Hilo ndilo ninalofundisha, Mama. Kutotoa hukumu kabla maneno hayajaisha. Muuguzi atalihitaji kuliko majina ya mifupa.

Mwache amalize mwaka. Habari ya hesabu nitamkumbusha mimi mwenyewe.

Mwalimu wa Kilatini


Bwenini, 21 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi cha bweni kimenipitia kama kilivyowapitia wote. Godoro langu lina shimo katikati, nalala kama yai kwenye trei. Sabuni uliyotuma imefika, imeshaazimwa mpaka imebaki kipande.

Unauliza habari za Kilatini. Darasa letu ni la wasichana sita tu, wengine wote wamekimbilia biashara. Mwalimu wetu tunamwita Mwalimu Rosa, ingawa ni mwanamume, kwa sababu neno la kwanza analomfundisha kila mtu ni rosa, ua la waridi. Ni mzee, anavaa miwani myeusi na koti lile lile. Hashiki chaki kabisa, ubaoni tunaandika sisi. Vitabu vyote viko kichwani mwake. Ukikosea mkia wa neno anakusimamisha papo hapo, hata kama anaangalia dirishani.

Jioni huwa naenda ofisini kwake kumsaidia kupanga kabati la vitabu. Ni vingi na vimejaa vumbi, kwa hiyo usishangae nikisema sijapata muda wa kuandika. Hesabu usihofu. Jaribio la mwezi huu sikufanya vizuri, lakini wengi hawakufanya vizuri.

Mama, usiwe na wasiwasi kuhusu Kilatini. Mimi nakipenda. Kama kuna mtu amekuambia ni lugha ya marehemu, mwambie marehemu wanaandika vizuri.

Mwanao, Chiriku


Nyumbani, 13 Mei

Mwanangu,

Nilikuja siku ya wazazi. Wewe hukuniona, na nilitaka usinione.

Gari liliharibika njiani nikafika jua limeshainama. Uwanjani wenzako walikuwa wamekaa na wazazi wao wanakula. Nikamuuliza msichana mmoja, Chiriku yuko wapi. Akamtazama mwenzake kwanza. Akasema, "Yuko kwa Mwalimu Rosa. Jioni zote yuko kule." Halafu wakacheka kile kicheko cha kuficha mdomo na kiganja. Mimi nimewahi kuwa msichana, nakijua.

Nikafuata ukumbi mpaka mwisho. Mlango umefungwa na pazia limevutwa. Nikakusikia ndani unasema kwa sauti ya chini, muda mrefu, kama mtu anayembembeleza mtu. Sikugonga. Nilirudi nyuma nikasimama chini ya ngazi. Baadaye mlango ukafunguka, ukatoka, naye nyuma yako, na mkono wake umekaa begani kwako. Hukuutoa. Mlitembea taratibu kama watu wasiotaka siku iishe, mkanipita karibu kiasi kwamba ningeweza kukushika nguo.

Sikukuita, niliogopa itakachofanya mikono yangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa shule nikamwambia nilichokiona kwa macho haya mawili. Ameniahidi atalishughulikia.

Yule mtu aliniandikia barua nzuri sana. Aliniambia nikuache kwake umalize mwaka, na mimi nikakuacha. Nalala na jambo hilo, naamka nalo.

Sikulaumu wewe. Wewe ni mtoto. Lakini uniambie ukweli, tangu lini.

Mama


Ofisi ya Mkuu wa Shule, 24 Mei

Kwa mama mzazi,

Kufuatia malalamiko yako, napenda kukujulisha hatua zilizochukuliwa.

Binti yako alipelekwa zahanati, akapimwa mbele ya matroni. Hakukutwa na dhara lolote mwilini. Alipoulizwa anafanya nini ofisini kwa mwalimu huyo kila jioni, mlango ukiwa umefungwa, alikataa kujibu, na ameendelea kukataa.

Mwalimu naye aliitwa mbele ya kamati. Alisema hajamkosea binti huyo kwa namna yoyote. Alipotakiwa kueleza sababu ya binti kuwa ofisini kwake, alisema hana maelezo zaidi.

Kwa kuwa hakuna aliyekubali kueleza, kamati imeona haiwezi kubaki na mwalimu huyo kwenye shule ya wasichana. Ameshaondoka. Kuanzia sasa somo la Kilatini halina mwalimu. Wanafunzi waliojiandikisha watajitegemea hadi mtihani, na baada yao somo litafutwa.

Mkuu wa shule


Bwenini, 27 Mei

Mama,

Nimesoma barua yako mara nyingi na nimeshindwa kukukasirikia, ingawa nilijaribu. Sasa nakuambia, na nikishakuambia nitakuwa nimevunja ahadi.

Mwalimu haoni.

Ni presha ya macho. Ilianza zamani kidogo kidogo, mpaka ikafika mahali anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Mimi niligundua mwaka jana. Nilimpelekea daftari langu nimeligeuza kichwa chini, akalifungua hivyo hivyo, akapitisha kidole kwenye mstari akasema, "Vizuri, kazi safi." Nikaogopa. Nikafunga mlango, nikamwambia, "Mwalimu, daftari liko kichwa chini." Akalifunga. Halafu akaniomba nisimwambie mtu, kwa sababu wakijua watamtoa, na nje ya darasa lile hana kitu cha kufanya duniani.

Basi nikawa namsomea. Kila jioni nasoma madaftari ya wenzangu, yeye anasema sahihi au kosa, mimi naweka alama kwa kalamu nyekundu. Barua zote za ofisini nilimsomea mimi. Na ile yako, Mama, uliyoomba ibaki kwenu wakubwa, niliisoma mimi kwa sauti. Nilipofika pale unaponiona kwenye nguo nyeupe za wauguzi, niliacha kusoma. Akauliza, "Mbona umesimama?" Nikasema taa imefifia. Jibu alilipiga mwenyewe kwa taipu, vidole vyake vinazijua herufi.

Pazia lilikuwa la kuficha nisionekane nasoma. Na ule mkono begani ni kwa sababu ukumbi una ngazi fupi fupi na jioni kivuli kinampoteza. Jambo ni lile lile lakini tumelisoma tofauti, Mama. Ulimwona mwalimu anamwongoza msichana. Puella magistrum ducit. Msichana ndiye anayemwongoza mwalimu.

Zahanati sitaiandika yote. Muuguzi alikuwa mpole, alivuta pazia na akaniambia kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Matroni alisimama miguuni pa kitanda na hakugeuka. Nilikuwa naangalia feni. Sikusema kitu kwa sababu nilijua Mwalimu yuko nje ya ofisi ya Mkuu na kwamba atasema yeye. Ilikuwa ni siri yake, mwenye ruhusa ya kuitoa ni yeye. Nilimngojea siku ile, na kesho yake, mpaka siku ile matroni aliponiambia ameondoka na sanduku lake.

Wenzangu hawakai tena karibu nami kwenye chakula. Naomba uje.

Chiriku


Nyumbani, 8 Juni

Mwalimu,

Nimepewa anwani ya dada yako. Najua barua hii utasomewa, kwa hiyo nawasalimu wote wawili.

Nimekwenda shuleni nimemweleza Mkuu kila kitu, mwanangu akiwa pembeni yangu. Mkuu alivua miwani akaiweka mezani. Alisema neno lile baya litaondolewa kwenye faili lako. Lakini alisema pia mwalimu ambaye kazi zake zinasahihishwa na mwanafunzi hawezi kurudi. Kwa hiyo sikukurudishia kazi. Nimekurudishia jina, na hilo ni kwenye karatasi tu. Midomo ya watu siwezi kuishona.

Nilikudhania uchafu ambao hukuufanya. Kwa hilo nakuomba radhi, na nimepiga magoti nyumbani kwangu kabla ya kuandika, ingawa hukuniona na usingeniona.

Sasa nisikie na upande wa pili. Mwanangu alikuwa na jioni zake, ukazichukua. Hesabu zake zilikuwa zinayumba na wewe ulijua, maana alikusomea kwa mdomo wake mwenyewe. Ukanijibu nimwache. Nimeisoma tena ile barua yako na bado ni nzuri. Sijui nifanye nini na barua nzuri kama ile. Uliandika kwa ajili yake, au uliandika kwa ajili ya macho yako?

Na walipompeleka zahanati ulikuwa wapi?

Nitasubiri.

Mama yake Chiriku


11 Februari

Binti Chiriku,

Wewe hunijui. Mimi ni dada yake Mwalimu, yeye ni kaka yangu mkubwa. Nina tanuri la mikate na nimefiwa na mume. Si mwandishi, nimezoea kuandika oda za mikate, kwa hiyo nivumilie.

Barua ya mama yako ya mwaka jana ilifika. Nilimsomea. Aliniambia nimpe siku chache atajibu. Siku chache zikawa miezi, nikaacha kumkumbusha. Mama yako aniwie radhi, nilikuwa na kaka mgeni ndani ya nyumba na sikujua nimfanyeje. Siku za mwanzo aliungua mkono kwenye tanuri kwa sababu hakutaka kuniuliza liko upande gani. Sasa anakaa kwenye stuli karibu na magunia ya unga, anasema Kilatini chake peke yake. Wateja wanadhani anasali. Mmoja aliwahi kumwomba amwombee mtoto wake, naye akamwitikia.

Nimesikia matokeo yametoka na kwamba wewe uliongoza Kilatini na hesabu ukaanguka. Aliyetuletea habari ni kijana mmoja anayejiandaa kuingia seminari. Wako wawili, wanataka kaka awafundishe. Tangu waje, anakula. Ila hakuna wa kumsomea vitabu. Mimi nikitamka maneno yale anashika kichwa.

Sasa ameniomba nikuandikie. Anasema kama nafasi ya uuguzi umeikosa, hapa kuna chumba cha nyuma, kina dirisha, nitakutafutia na kitanda. Ungemsomea, na yeye angekuendeleza mpaka mwisho wa kile anachokijua. Anasema hajapata mwanafunzi kama wewe. Hilo amelirudia mpaka nimelikariri.

Mimi naongeza la kwangu: sikulazimishi. Nikikuficha kwamba ni mzigo nitakuwa nakudanganya.

Dada yake Mwalimu


Nyumbani, 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuita shangazi, naomba ulipokee. Barua hii ni ya kaka yako, lakini haina njia ila kupita mdomoni mwako. Pole na kazi hiyo. Msomee wakati tanuri limepoa na wateja hawapo.

Mwalimu,

Sitakuja.

Nilitaka neno hilo liwe la kwanza ili usikae ukilingojea mwishoni.

Ulipoondoka tulibaki wote sita. Mkuu alitupa chumba kile kile. Wiki ya kwanza hakuna aliyekaa karibu nami, halafu wakagundua hakuna mwingine anayeyajua masahihisho yako. Mimi nilikuwa nimesoma madaftari yao yote mwaka mzima, nilijua nani anakosea wapi. Nikasimama mbele. Yule aliyekuwa akinicheka zaidi alikuwa hajui kutofautisha mtenda na mtendwa, nikamfundisha kwa sentensi zinazotutaja wewe na mimi na Mkuu, mpaka akalia. Wote sita tumefaulu. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Mama anaamini Kilatini ndicho kilichoniangusha. Nimemwambia hapana. Kilatini kimenipa kitu ambacho sijakiona kwenye somo jingine. Mtu akizungumza nami sasa namngoja amalize, na nasikia ni nani hasa anayetendwa ndani ya maneno yake. Msimamizi wa karakana akisema "kitambaa kimeharibika", najua kuna mtu amekiharibu na hataki kutajwa. Sitakirudisha kitu hicho hata nikipewa hesabu badala yake.

Lakini kile ni Kilatini. Wewe ni habari nyingine.

Shangazi, hapa atakuambia uruke. Naomba usiruke.

Siku ile ya zahanati ulikuwa umekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Nilipita mbele yako na matroni. Uligeuza uso kunifuata, kwa hiyo ulijua ni mimi, unanijua kwa mlio wa viatu. Nilipunguza mwendo makusudi. Matroni akanivuta. Ulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, mimi sioni, na wangenirudisha darasani. Niliyangojea mpaka mlango wa zahanati ulipofungwa. Kwa muda mrefu nilikuwa najiambia labda hukujua wananipeleka wapi. Halafu nikakumbuka kwamba matroni alitaja mahali kwa sauti, na wewe husikii vibaya.

Nilitunza siri yako kwa mwili wangu, Mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wewe ulikuwa unatunza nini?

Hili ndilo swali lile lile aliloliuliza mama, na hukumjibu. Sasa naliuliza mimi.

Nashona na mama hadi mchana, kwenye cherehani ya dirishani, mashuka yale yale. Mchana naenda darasa la kurudia hesabu, na nitarudia mpaka nipite. Mwalimu wa hesabu ni kijana, ana haraka, anafuta ubao kabla hatujanakili. Namvumilia. Usiku nachoka, nalala.

Hao vijana wa seminari waambie wasome kwa zamu, mmoja leo, mwingine kesho. Mwanzoni watatamka vibaya. Nilitamka vibaya na mimi.

Usiniandikie habari za Kilatini. Ukiwa na jibu, mwambie Shangazi aliandike kama lilivyo, hata kama ni fupi. Kama huna, mwache apumzishe mkono, ana mikate ya kukanda.

Aliyekuwa msomaji wako